SOMO LA ROBO HII: BARIDI YA MLIMANI NA MAKISIO YA SAFARI



Somo la toleo hili linatokana na mafaili yaliyo mezani kwetu. Miaka ya karibuni sharika nyingi zimeanza kuchangisha fedha kwa njia ya matembezi ya hisani. Vijana wanapanda Mlima Kilimanjaro pamoja na wageni kutoka usharika rafiki wa Ulaya au Marekani, na kila apandaye ana watu walioahidi kumchangia kwa ajili ya zahanati, kisima au bweni la wasichana. Ni njia njema na tunaiunga mkono. Ofisi ya miradi hupitia makisio ya safari hizo kabla ya kuidhinishwa. Ndani yake tunakuta fulana zenye nembo, bango, mpiga picha, usafiri na posho. Mstari wa mavazi ya baridi kwa kawaida ni mfupi, na makoti ya mvua ya wapagazi mara nyingi hayamo kabisa.

Wanakamati wanaoandika makisio hayo si watu wasiojali. Tatizo ni kwamba kila mmoja wetu hupima baridi kwa kipimo cha kwao. Kwa hiyo tuanze kwa kulinganisha hali ya hewa ya mahali tunakotoka, halafu tupande mlima pamoja.

KILA MTU NA BARIDI YA KWAO

Mtu wa Dar es Salaam au Tanga anaishi kando ya bahari. Maji ya bahari hupata joto polepole na hupoa polepole, ndiyo maana hewa ya pwani haibadiliki sana. Wastani wa joto la Dar es Salaam mwezi Januari ni nyuzi 28 hivi za Selsiasi, na mwezi Julai ni kama 24. Tofauti hiyo ya nyuzi nne ndiyo inayomfanya mtu wa pwani avae sweta na kusema mwaka huu baridi imezidi. Hatumcheki, mwili wake umezoea hivyo.

Dodoma ni habari nyingine. Iko mita 1,100 hivi juu ya usawa wa bahari, mbali na maji, na hewa yake ni kavu. Mchana wa Julai jua linachoma, usiku watu wanatafuta blanketi. Hewa kavu isiyo na mawingu haizuii joto la ardhi lisitoroke kwenda juu, kwa hiyo likizama jua tu ardhi inapoa upesi. Jambo hili tulikumbuke, maana tutakutana nalo tena juu ya msitu wa Kilimanjaro.

Ndugu zetu wa Makete na Njombe ndio wanaoijua baridi hasa hapa nchini. Uwanda wa Kitulo, uliofanywa hifadhi ya taifa mwaka 2005, uko mita 2,600 na zaidi juu ya usawa wa bahari, na asubuhi za Juni na Julai nyasi zake huweza kuwa nyeupe kwa sakitu, ule umande unaoganda usiku. Mama wa huko anayekwenda kuvuna viazi hahitaji somo hili. Anajua kwamba kitenge kikilowa kinavuliwa, na kwamba mtoto hufunikwa kichwa kwanza.

Sasa wageni wetu. Leipzig, mji ambao misheni yake ilianza kazi Kilimanjaro mwaka 1893, una Januari yenye wastani wa joto ulio karibu na sifuri. Minneapolis, kule Marekani waliko Walutheri wengi, wastani wa Januari ni kama nyuzi 9 chini ya sifuri. Mgeni wa Minneapolis akiambiwa kwamba wastani wa joto la kileleni Kibo ni nyuzi 7 chini ya sifuri, anatabasamu. Kwao ni baridi zaidi ya hapo!

Lakini baridi ya kwao ina mipaka. Nyumba ina joto, gari lina joto, duka lina joto, na kati ya mlango na mlango ni dakika chache. Theluji ya nyuzi 9 chini ya sifuri ni kavu; unaikung'uta kwenye koti kama unga wa mahindi. Tena inakuja kwa msimu, na watu wanajiandaa kwayo tangu Oktoba. Mlimani baridi haiji kwa msimu, inakuja kila siku. Saa sita mchana pale Horombo unaweza kukaa juani na fulana. Saa tatu usiku maji ya kwenye ndoo yanaweza kuanza kuganda. Mtu hulala ndani ya baridi hiyo usiku wa pili, wa tatu na wa nne, na hakuna duka la kuingia akapate joto.

Kuna mimea mirefu iitwayo senesio inayoota juu ya msitu, ambayo wapandaji wengi hupenda kupiga nayo picha. Haidondoshi majani yake makavu. Inayaacha yamevisha shina kama koti kuukuu, na usiku majani mabichi ya kileleni hujikunja kufunika kichipukizi. Mmea huo umezaliwa pale, na bado unavaa.

NENO BARIDI KATIKA HISTORIA YA MLIMA HUU

Mwezi Mei 1848 mmisionari Johannes Rebmann, akitoka pwani kwenda nchi ya Wachaga, aliona weupe juu ya mlima. Alimwuliza kiongozi wake wa njia weupe ule ni nini. Rebmann aliandika kwamba kiongozi yule alijibu kwa neno moja tu: baridi. Mmisionari akaelewa kuwa ni theluji. Habari ilipofika Ulaya, wataalamu wa jiografia walibisha kwa miaka mingi wakisema theluji haiwezi kukaa karibu na ikweta. Kiongozi yule hakuwa na kipimajoto wala ramani, lakini alikuwa amelijibu swali sawasawa.

Rebmann aliandika pia habari aliyosimuliwa Machame, ya mtawala wa zamani aliyetuma watu wengi waende kuona kitu kile kinachong'aa, akidhani huenda ni fedha. Alirudi mmoja, mikono na miguu yake imeharibiwa na baridi. Tunaitaja habari hii kwa sababu inafanana mno na makisio tunayoyasoma: anayetuma yuko nyumbani, anayetumwa hana nguo, na kinachotafutwa juu ni fedha.

HESABU NDOGO YA MWINUKO

Kila kamati inaweza kufanya hesabu hii kwa kalamu. Kwa wastani, ukipanda mita 1,000 joto hupungua kwa nyuzi 6 na nusu hivi. Hewa ya juu ina mgandamizo mdogo. Inapopanda hutanuka, na inapotanuka hupoa.

Mji wa Moshi uko mita 800 hivi. Tuseme leo hapo ni nyuzi 25. Kibanda cha Mandara katika njia ya Marangu kiko karibu mita 2,700. Toa nyuzi 12, unabaki na 13. Horombo ni karibu mita 3,700. Unabaki na 6. Kibanda cha Kibo, karibu mita 4,700, unafika sifuri. Kilele cha Uhuru ni mita 5,895, na hesabu inakupa nyuzi 8 chini ya sifuri. Kituo cha hali ya hewa kilichowekwa na watafiti kwenye barafu ya kileleni mwaka 2000 kimeonyesha wastani wa karibu nyuzi 7 chini ya sifuri. Hesabu ya kalamu haikukosea sana.

Huo ni wastani wa mchana na usiku. Safari ya kwenda kileleni huanza kama saa sita usiku ili watu wafike kunapokucha, maana yake wanatembea katika saa zenye baridi kuliko zote. Na juu ya hayo kuna upepo. Mwili hupasha joto hewa inayougusa, na upepo huiondoa hewa hiyo kila mara na kuleta nyingine. Hewa ya nyuzi 10 chini ya sifuri ikiwa na upepo wa kilomita 30 kwa saa, ngozi iliyo wazi hupoteza joto kana kwamba ni nyuzi 20 chini ya sifuri katika hewa tulivu. Hapo glovu zinakoma kuwa pambo.

Wengine wanatuambia kwamba mlima siku hizi umepata joto, kwa kuwa barafu imeisha. Ni kweli barafu ya Kibo imepungua kwa zaidi ya asilimia 80 tangu ilipopimwa mwaka 1912. Lakini sehemu kubwa ya hasara hiyo watafiti huihusisha na hewa kukauka na theluji kuwa haba, na kileleni bado ni chini ya sifuri. Asiwepo mwanakamati anayepunguza soksi kwa sababu ya kupungua kwa barafu.

MSITU UNALOWESHA, MLIMA UNAGANDISHA

Hapa ndipo kiini cha somo, na tunaomba msome polepole.

Mvua ya Kilimanjaro hainyeshi sawasawa. Upande wa kusini, msitu ulio kwenye mwinuko wa mita 2,000 hivi hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Ukivuka msitu mvua inapungua kadiri unavyopanda, na kileleni haifiki milimita 200, sawa na nchi ya jangwa. Kwa hiyo mpandaji anaanza siku ya kwanza katika eneo lenye maji mengi kuliko yote, wakati bado ana joto, anacheka na kuimba. Hajali kulowa. Anasema nguo zitakauka.

Hazikauki. Ndani ya msitu hewa imejaa unyevu, na jioni pale Mandara hakuna jua. Nguo zilizolowa zinafungwa ndani ya mfuko, zinabebwa siku ya pili hadi Horombo, na huko ndiko anazihitaji. Maji huondoa joto mwilini takriban mara 25 kuliko hewa tulivu. Mtu mwenye fulana mbichi kwenye nyuzi 6 na upepo yumo hatarini kuliko mtu mkavu kwenye nyuzi 6 chini ya sifuri. Mtu anaweza kufa kwa baridi mahali ambapo hakuna hata chembe ya barafu, na wapo waliokufa hivyo katika milima mingi duniani.

Ndiyo maana urefu wa mlima peke yake hauelezi hatari yake. Rwenzori, kwenye mpaka wa Uganda na Kongo, una mita 5,109, uko chini ya Kibo kwa karibu mita 800, lakini mvua na tope lake huwachosha watu kupita kiasi. Hanang una mita 3,420 na hauna theluji, na kwa sababu hiyo tumeona vikundi vya vijana vikiupanda kwa raba na fulana. Mvua ikiwakuta jioni karibu na kilele, wako katika hali ile ile tuliyoeleza.

VAZI JEMA LA TANGA NI VAZI BAYA LA HOROMBO

Pamba ni kitambaa kizuri mno kwa pwani. Hunywa jasho na kulishikilia, jasho hukauka polepole, na kwa kukauka hupoza mwili. Sifa hiyo hiyo ndiyo inayoifanya pamba kuwa adui mlimani. Suruali ya jinzi iliyolowa ni mbaya kuliko zote: nzito, haikauki, na inaendelea kupoza miguu usiku kucha. Vivyo hivyo fulana za pamba zenye nembo ya safari, ambazo kila kamati hununua. Zivaliwe getini kwa ajili ya picha, halafu zivuliwe.

Sufu ni bora, na hata ikiwa na unyevu bado huhifadhi joto kiasi. Fulana za michezo za nailoni au poliesta, kama zile za timu za mpira, hukauka upesi na zinafaa kuvaliwa ndani. Juu yake linakuja sweta la sufu au lile jaketi jepesi lenye manyoya laini ya kutengenezwa, na nje kabisa koti na suruali visivyopitisha maji wala upepo. Mwangalieni kuku asubuhi ya Juni: anajitutumua manyoya hadi anaonekana mkubwa maradufu. Kinachompa joto ni hewa iliyonaswa katikati ya manyoya. Ndiyo sababu nguo tatu nyepesi zinashinda koti moja zito, na ndiyo sababu nguo inayobana haifai hata ikiwa ghali.

Kuhusu miguu tutasema kidogo tu, ila ni muhimu. Kiatu kiwe na nafasi ya soksi nzito bila kubana, kwa kuwa kidole kilichobanwa hakipati damu na ndicho kinachoganda kwanza. Tena kila mtu awe na jozi moja ya soksi kavu ambayo haivaliwi kutembelea kamwe. Hiyo ni ya kulalia.

Vitu hivi havihitaji dola nyingi. Soko la mitumba la Memorial mjini Moshi lina makoti ya Ulaya ya kila namna, na marobota ya mitumba hufika karibu kila mkoa. Kabla ya kununua koti la mvua, mwageni maji kidogo upande wa nje na muone kama yanapenya. Sweta pulizeni kwa mdomo: pumzi ikipita yote, litahitaji kitu cha kuzuia upepo juu yake.

Nguo kavu lazima zibaki kavu, kwa hiyo mfuko uwe na kitu cha ndani kisichopitisha maji. Kumbukeni kwamba mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku nchini tangu Juni 2019, na wageni waambiwe hilo kabla hawajapanda ndege. Kipande cha turubai jepesi kilichoshonwa kama gunia kinatosha kabisa, na fundi yeyote wa mtaani anaweza kukishona.

MTU WA MWISHO KATIKA MSAFARA

Mgeni mmoja anayepanda Kilimanjaro huwa na watu kadhaa nyuma yake: kiongozi, msaidizi wake, mpishi na wapagazi. Kundi la watu kumi linaweza kufuatana na watu thelathini au zaidi. Wengi wa hao ni vijana wa sharika zetu wenyewe, wengine wametoka kulima mahindi tambarare juzi tu. Mgeni amepewa orodha ya vitu ishirini vya kuvaa. Mpagazi hajapewa orodha.

Mpagazi hutembea upesi akiwa na mzigo, anatoka jasho, halafu anafika kambini kabla ya wote na kukaa akingoja. Hapo jasho linapoa mgongoni. Kanuni za hifadhi zinataka mzigo wake usizidi kilo 20, na mizani iko getini. Kanuni ya uzito ni njema, lakini mizani haipimi soksi. Wapagazi wamekufa kwa baridi katika mlima huu, na hilo si siri kwa yeyote aliyekaa Moshi au Marangu. Mzee mmoja aliyefanya kazi ya kuongoza wapandaji kwa miaka mingi alituambia kwamba mpagazi mpya akija kwake, hutazama viatu kabla ya kuuliza jina.

Msaada upo. Mradi wa KPAP, ulioanza Moshi mwaka 2003 kwa ajili ya maslahi ya wapagazi, umekuwa na utaratibu wa kuwaazima mavazi bila malipo. Lakini kamati inayopeleka msafara kwa jina la usharika isitegemee kuazima. Tunashauri makisio yawe na mstari wa mavazi unaohesabu vichwa vyote, siyo vichwa vya wapandaji pekee. Na siku ya kuondoka mwanakamati mmoja asimame getini akague mifuko yote kwa namna moja, wa mgeni na wa mpagazi. Wakague pia mahali pa kulala. Hema la wapagazi likiwa limechanika, au wakilala juu ya ardhi tupu bila godoro la sponji, joto linaishia ardhini. Na chakula kiwe kamili kwa wote, maana mwili ni jiko na jiko lisilo na kuni halipiki. Uji, viazi, mtori, chai yenye sukari nyingi, vyote ni mavazi ya ndani.

DALILI NA HUDUMA YA KWANZA

Joto la kawaida la mwili ni nyuzi 37 hivi. Likishuka chini ya 35, mwili umeanza kushindwa. Mtu hutetemeka sana, vidole havifungi kifungo, anajikwaa, maneno yanakuwa mazito, anakasirika bila sababu au anakaa kimya pembeni. Hali ikizidi, kutetemeka kunakoma. Wengi hufurahi wakidhani amepata nafuu, kumbe hiyo ndiyo dalili mbaya kuliko zote.

Sisi wa tambarare tukimwona mtu anatetemeka tunasema malaria, tunampa vidonge na kumwacha apumzike. Mlimani usimwache. Mwondoeni kwenye upepo, mvueni nguo mbichi, mvikeni kavu na kumfunika kichwa, wekeni kitu chini yake kumtenga na ardhi, na mtu mwenye joto alale naye ndani ya mfuko mmoja wa kulalia. Akiwa na akili timamu na anaweza kumeza, apewe kinywaji cha moto chenye sukari. Asisuguliwe mikono na miguu, na asihamishwe kwa vishindo, kwa kuwa moyo uliopoa husimama kwa urahisi. Pombe kali hapana, hata kidogo: huifanya damu yenye joto ikimbilie kwenye ngozi, na mtu anahisi joto huku akizidi kupoa.

Kuyumba na kuchanganyikiwa kunaweza pia kutokana na ugonjwa wa mwinuko, kwa kuwa kileleni hewa ina karibu nusu tu ya oksijeni tuliyo nayo pwani. Msibishane njiani ni kipi. Mtu huyo akiishakingwa na baridi anateremshwa, usiku huo huo, na akiteremka awe na mwenzake.

AHADI ZA FEDHA

Tumeliacha jambo hili mwisho, na tunawaandikia zaidi ninyi marafiki wafadhili. Fomu nyingi za ahadi tunazoziona zimeandikwa hivi: mfadhili atatoa kiasi kadhaa ikiwa mpandaji atafika kilele cha Uhuru. Tunaelewa nia yake, inaleta hamasa. Lakini fikirini kijana wa miaka ishirini, saa kumi usiku, kwenye changarawe za Kibo, hasikii vidole vyake. Anajua kwamba akigeuka, bati za zahanati ya kijijini kwao zinapungua. Huyo hatasema amechoka. Kiongozi wa msafara naye, akiwa anajua kuna ahadi hizo, atasita kumgeuza.

Ofisi yetu tangu sasa itaomba fomu ziandikwe kwa kuanza safari au kwa siku za kutembea, siyo kwa kilele. Mchango wa aliyegeukia Horombo uwe sawa na wa aliyefika Uhuru. Pia barua ya kamati kwa kiongozi wa msafara iseme wazi kwamba neno lake la kugeuka halijadiliwi, na barua hiyo isomwe mbele ya wote, wapagazi wakiwepo, kabla ya kuvuka geti.

Kuhusu tarehe: Machi hadi Mei ni mvua za masika, na Novemba hadi Desemba ni za vuli. Kamati zenye wapandaji wageni kwenye milima zichague Januari na Februari, au Julai hadi Oktoba, zikijua kwamba Julai ni kavu zaidi lakini usiku wake ni mkali. Likizo ya Pasaka, ambayo wageni wengi huiomba, huangukia katika masika au kwenye ukingo wake. Tunawaomba marafiki wetu watuelewe tunaposema hapana.

ZOEZI NA MASWALI KWA KAMATI

Chukueni chupa mbili za soda za ukubwa mmoja, mzijaze maji ya moto kiasi cha kuoga. Moja ivisheni kitambaa cha pamba kilicholoweshwa na kukamuliwa, nyingine ivisheni kitambaa hicho hicho kikiwa kikavu. Ziwekeni nje penye upepo wakati mnajadili maswali yafuatayo, na baada ya nusu saa kila mwanakamati azishike zote mbili.

1. Katika makisio yetu ya safari, ni watu wangapi watalala mlimani, na mstari wa mavazi umehesabu wangapi?

2. Kijana wetu akitoka mahali penye joto, ataonja wapi baridi kabla ya safari? Je, tunaweza kumpeleka alale usiku mmoja mahali penye mwinuko wa mita 2,000 au zaidi, akiwa na vifaa vile vile?

3. Fomu zetu za ahadi zimeandikwaje? Nani atawaandikia wafadhili ambao tayari wamezisaini?

4. Nani atasimama getini siku ya kuondoka, na je, amepewa mamlaka ya kumzuia mtu asiye na koti la mvua, hata kama mtu huyo ni mgeni au ni mwenyekiti?

Majibu ya swali la pili na la tatu tunaomba yaletwe ofisi ya miradi pamoja na makisio, ili tuyapitie kwa wakati mmoja.